Hesabu ya Mibofyo: Jinsi ya Kupima Matangazo Katika Tovuti ya Mtu Binafsi

Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kusoma habari za michezo, za safari na za mafumbo. Leo nataka kueleza jambo la hesabu. Nawaomba msifunge gazeti kwa kulisikia neno hilo, maana hesabu hii imemtia kaka yangu katika deni la shilingi 240,000 za Uganda, na kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Kaka yangu naye alisoma katika shule hii. Sasa yuko nyumbani, kazi yake ni kufuga nyuki. Mwaka jana alianzisha tovuti yake mwenyewe katika intaneti, akawa anaandika kwa Kiingereza namna ya kutengeneza mzinga, namna ya kuhamisha kundi la nyuki bila kuumwa sana, na namna ya kuchuja asali. Watu wakaanza kuisoma, wengine wa mbali. Ndipo alipoambiwa kwamba mwenye tovuti aweza kuweka matangazo ya biashara katika kurasa zake na kulipwa.

Kwanza yafaa tufahamu mpango huo. Kampuni ya matangazo husimama katikati kama dalali wa mnadani. Mwenye bidhaa humpa dalali fedha pamoja na tangazo lake. Dalali hulipeleka tangazo katika kurasa za watu mbalimbali. Mwenye ukurasa hupata fungu lake, na dalali hubaki na lake. Msomaji akiufungua ukurasa na tangazo likatokea, hilo huitwa onyesho moja. Msomaji akilibonyeza tangazo lile na kupelekwa kwa mwenye bidhaa, huo ni mbofyo mmoja. Ukichukua idadi ya mibofyo, ukaigawanya kwa idadi ya maonyesho, kisha ukazidisha kwa mia, umepata kiwango cha mibofyo. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya hesabu hiyo. Kuifanya si kazi. Kazi ni kujua jibu lake lakuambia nini, na hapo ndipo nilipoanguka mimi ninayejiandaa kwa mtihani wa mwisho wa Hesabu.

Wiki ya kwanza nilikuwa nyumbani kwa likizo. Kampuni iliyompokea kaka, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa ikilipa kwa mbofyo, wastani wa shilingi 150. Siku ya saba kaka akaniita, akanionyesha kitabu cha hesabu: maonyesho 50, mibofyo 4. Akaniuliza, “Wewe msomi, hii ni ngapi katika mia?” Nikamjibu mara moja kwamba ni nane. Akaendelea: tovuti yake yaweza kupata maonyesho 2,000 kwa mwezi, nane katika mia ya 2,000 ni mibofyo 160, mara shilingi 150 ni 24,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi ni 240,000. Akanitaka niikague hesabu hiyo. Niliikagua mara mbili, nikamwambia haina kosa. Akanisifu mbele ya mama. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: nikamwongezea kwamba labda atapata zaidi ya hapo.

Kaka akaenda katika chama cha akiba cha kijijini akakopa shilingi 240,000, akanunua simu yenye kamera nzuri ili apige picha za mizinga. Alikusudia kuilipa kwa fedha za mibofyo.

Baada ya miezi mitatu nilipata barua yake hapa shuleni. Maonyesho yalikuwa 6,000 kama alivyotumaini. Lakini mibofyo iliyokubaliwa ilikuwa 12 tu. Badala ya shilingi 72,000 alikuwa ameandikiwa shilingi 1,800, na hata hizo hakupewa mkononi, kwa sababu kampuni hailipi mpaka fedha zifikie kiasi fulani. Mwisho wa barua aliandika, “Hebu nieleze, maana hesabu uliikagua wewe.”

Nilikaa na barua ile siku mbili. Kuzidisha kwetu kulikuwa sawa kabisa. Ile nane ndiyo iliyokuwa mbovu, na ilikuwa mbovu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni aibu kuieleza. Katika ile mibofyo minne, miwili niliibofya mimi mwenyewe ili nione tangazo linakwenda wapi, na mmoja dada yetu mdogo aliubofya kwa simu ya mama kwa sababu aliona picha ya viatu. Kampuni hizi zina mashine za kutambua mibofyo ya mwenye nyumba na jamaa zake, nazo huitoa katika hesabu. Ile mitatu iliondolewa bila barua yoyote. Niliwahi kumsikia mwanafunzi mmoja bwenini akiwahimiza wenzake waibofye tovuti ya rafiki yake “kumsaidia.” Ndugu zangu, huko si kumsaidia. Kampuni ikitambua kwamba mibofyo ni ya kupangwa, humfunga mtu hesabu yake na fedha zake hurudi kwa wenye matangazo. Tena ni wizi, maana kila mbofyo wa namna ile mtu fulani ameulipia akidhani amempata mteja.

Njia ya pili ndiyo somo lenyewe. Tuuchukue ule mbofyo mmoja uliobaki, ambao ulikuwa wa kweli. Mmoja katika hamsini ni mbili katika mia. Lakini ile miezi mitatu ilionyesha kwamba kiwango cha kweli kilikuwa karibu na 12 katika 6,000, yaani mmoja katika 500, au sehemu mbili za kumi katika mia. Je, yawezekanaje kiwango cha mmoja katika 500 kikaonekana kama mmoja katika 50?

Yawezekana kwa urahisi. Kama kiwango ni mmoja katika 500, basi kila msomaji anayeona tangazo ana nafasi 499 katika 500 za kupita bila kubofya, yaani 0.998. Wakiwa wasomaji hamsini, tunaizidisha 0.998 kwa yenyewe mara hamsini. Jibu lake ni karibu 0.905. Maana yake ni hii: tovuti mia zenye kiwango hicho hicho, zikiwa na maonyesho 50 kila moja, karibu 90 hazitaona mbofyo hata mmoja, na karibu kumi zitaona mmoja au zaidi. Wale tisini watasema matangazo hayana faida. Wale kumi watasema wamepata mbili katika mia, na watashangilia. Wote wana kiwango kile kile! Nami naona kwamba wale kumi ndio tunaowasikia, kwa kuwa asiyepata kitu hana habari ya kusimulia.

Mwalimu wetu wa Hesabu alinipa njia fupi ya kupima wasiwasi huu, nami naiandika hapa kwa faida ya wote. Chukua idadi ya mibofyo, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha kizidishe kwa mbili. Hicho ndicho kiasi unachopaswa kuongeza na kupunguza. Mibofyo 12 ina kipeuo cha pili karibu na tatu na nusu. Mara mbili ni saba. Kwa hiyo hata baada ya maonyesho 6,000 twaweza kusema tu kwamba idadi ya kutazamiwa iko kati ya 5 na 19. Mibofyo ikiwa 100, kipeuo ni 10, na twapata kati ya 80 na 120. Hapo mtu aweza kuanza kuzungumza. Mibofyo ikiwa mmoja au miwili, njia hii haifai hata kidogo, wala njia nyingine haitakupa uhakika ambao takwimu zenyewe hazina. Angalieni kwamba kinacholeta uhakika ni wingi wa mibofyo. Mtu aweza kuwa na maonyesho elfu na bado asijue neno.

Kuna kosa jingine ambalo kaka alilifanya katika barua yake ya pili, na hili nalo nimeliona hata katika daftari za darasani. Mwezi mmoja ukurasa wake wa mzinga ulikuwa na maonyesho 1,000 na mibofyo 3, yaani sehemu tatu za kumi katika mia. Ukurasa wa bei ya asali ulikuwa na maonyesho 20 tu na mibofyo 2, yaani kumi katika mia. Akajumlisha kumi na 0.3, akagawanya kwa mbili, akapata zaidi ya tano katika mia. Akafurahi tena. Lakini huwezi kuufanya ukurasa uliosomwa mara 20 kuwa sawa na ukurasa uliosomwa mara 1,000. Jumlisha mibofyo kwanza: ni 5. Jumlisha maonyesho: ni 1,020. Gawanya, na jibu ni karibu nusu moja katika mia. Tano na nusu zimepishana mara kumi, na takwimu ni zile zile.

Labda msomaji atauliza kwa nini kiwango cha kweli ni kidogo hivyo. Hakikuwa kidogo tangu mwanzo. Tarehe 27 Oktoba 1994 gazeti moja la intaneti huko Marekani, liitwalo HotWired, lilianza kuonyesha matangazo yenye umbo la kibao kirefu juu ya ukurasa. Moja lilikuwa la kampuni ya simu ya AT&T, na yasemwa kwamba watu 44 katika mia walilibofya. Leo kiwango cha namna hiyo chasikika kama hadithi. Lakini wakati ule kitu kile kilikuwa kigeni, na watu walibofya kwa kutaka kujua tu, kama watoto wanavyolikimbilia gari geni likiingia kijijini. Gari likija kila siku, hawageuzi hata shingo. Mwaka 1998 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Rice, Benway na Lane, waliwapa watu kazi ya kutafuta mambo katika kurasa, wakaona kwamba vibao vikubwa vyenye rangi kali ndivyo watu walivyovipita bila kuviona. Wakakiita kitu hicho upofu wa vibao. Siku hizi tangazo la picha lililowekwa katika tovuti ya kawaida mara nyingi halifikii hata mbofyo mmoja katika mia. Kwa hiyo mmoja katika 500 wa kaka haukuwa msiba. Ulikuwa jambo la kawaida.

Na malipo nayo yamebadilika. Hapo mwanzo mwenye tangazo alilipia maonyesho, kama alipiavyo nafasi katika gazeti. Mwaka 1996 Procter & Gamble, wale watengenezaji wa sabuni, walikubaliana na Yahoo walipe kwa mibofyo. Mwaka 2003 Google ilianzisha mpango wa AdSense, na hapo hata mwenye tovuti ndogo aliweza kupata matangazo na kulipwa kwa mibofyo. Lakini mwezi wa Novemba 2023 Google ikatangaza kwamba AdSense itageuka na kulipa kwa maonyesho tangu mapema mwaka 2024. Basi ndugu yangu unayetaka kujiunga na kampuni yoyote, uliza kwanza inalipia nini. Usidhani, lakini, kwamba ukilipwa kwa maonyesho kiwango cha mibofyo hakikuhusu: mwenye bidhaa bado anakitazama, na asipoona faida atapeleka fedha zake kwingine.

Onyesho lenyewe nalo lina maneno. Tangazo likiwa chini kabisa ya ukurasa na msomaji hakufika huko, je, ameonyeshwa? Mwaka 2014 wakubwa wa biashara hiyo huko Marekani waliweka kipimo: tangazo lihesabiwe limeweza kuonekana ikiwa nusu yake imetokea katika kioo kwa muda wa sekunde moja. Sekunde moja! Mimi siwezi kusoma jina langu vizuri kwa muda huo, lakini ndicho kipimo.

Sasa nirudi nyumbani. Likizo ya pili nilimkuta kaka amechangamka. Alikuwa amelihamisha tangazo kutoka pembeni, akaliweka karibu kabisa na pale msomaji anapobonyeza ili kwenda ukurasa unaofuata. Kwa siku sita alikuwa na maonyesho 300 na mibofyo 9, tatu katika mia. Nilichukua simu ya mama nikajaribu kusoma. Nilipotaka kwenda ukurasa wa pili, kidole gumba kiligusa tangazo, nikajikuta katika duka la viatu. Nikarudi. Nikajaribu tena kwa uangalifu, nikafika dukani tena.

Mimi ni mdogo wake, na kwetu si desturi mdogo kumsahihisha mkubwa mbele ya mama. Nikangoja mpaka jioni tulipokwenda kutazama mizinga. Nikamwambia, “Kaka, mibofyo ile ni ya vidole, si ya watu.”

Akasema, “Hakuna niliyemshika mkono.”

Nikamwuliza, “Kama wewe ndiwe mwenye duka, ukalipa shilingi 150 kwa kila mtu aingiaye, na watu wakawa wanaingia kwa kujikwaa mlangoni na kutoka papo hapo, ungesemaje?”

Hakunijibu. Alifungua mzinga wa kwanza, akautazama, akaufunga, akafungua wa pili. Nilidhani amekasirika. Tulipokuwa tukirudi akaniuliza kama kampuni yaweza kujua. Nikamwambia kwamba masharti aliyoyakubali yanakataza jambo hilo wazi, na kwamba kampuni huona muda mtu aliokaa dukani baada ya kubofya. Tena nikamwomba anisamehe kwa ile nane katika mia, maana sikuwa nimesema neno hilo kwa kinywa mpaka siku ile. Akasema, “Nilikopa mimi.” Usiku ule ule alilirudisha tangazo mahali pake, na kiwango kikashuka pale pale kilipokuwa.

Tangu hapo tumejifunza kutazama mambo mengine pia. Tangazo la nguo za kujikinga na nyuki likitokea katika ukurasa wa mizinga hubofywa kuliko tangazo la viatu, na hilo halihitaji mtaalamu kulieleza. Msomaji wa kutoka nchi tajiri huleta malipo makubwa kwa mbofyo kuliko msomaji wa kwetu, kwa sababu wenye bidhaa wa huko hushindana kwa fedha nyingi. Jambo hili kaka aliona si haki, nami sikuwa na la kumtetea mtu. Na mbofyo si ununuzi. Katika watu mia wanaobofya, huenda wachache tu wakanunua, na kwa hao wachache ndipo zinapotoka fedha zote, za dalali na za kaka.

Deni linalipwa kwa asali. Hivi sasa limebaki shilingi 60,000. Ile simu inapiga picha nzuri kweli, wala siwezi kusema kwamba ilinunuliwa bure: watu wawili waliosoma ule ukurasa wa mzinga walimwandikia kaka wakaagiza mizinga, naye aliwatengenezea na kuwauzia mwenyewe. Fedha alizopata hapo zimeshinda mara nyingi mibofyo yote tangu siku ya kwanza, na hizo hazimo katika kiwango chochote cha kampuni.

Wiki iliyopita ameniandikia tena. Anao ukurasa mpya juu ya nta, umeonyesha tangazo mara 300, na haujapata mbofyo hata mmoja. Anataka kuliondoa tangazo lile. Mara hii sikujibu papo hapo. Nilichukua ile 0.998 nikaizidisha kwa yenyewe mara 300, nikapata karibu 0.55. Yaani ukurasa wenye kiwango kile kile cha mmoja katika 500 ungekaa kimya hivyo mara 55 katika mia. Nimemwandikia aliache mpaka maonyesho yafike 3,000, ndipo tuzungumze.